Naomba ushauri: mshono gani wa mapambo unafaa blanketi la vipande vya vitenge?

Habari zenu mafundi. Niko Dodoma, namshonea mama blanketi la vipande vya vitenge lenye pamba nyembamba ndani, maana baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba, ikichanganyika na upepo, si mchezo. Cherehani yangu ya umeme ina mishono mingi ya mapambo. Naupenda sana ule wa mawimbi: unapita juu ya maungio bila kukunja kitambaa, na hata mkono ukiyumba kidogo haionekani. Wa majani ndio mzuri zaidi kwa macho, lakini umebana mno, unakula uzi na kuvuta kitenge. Je, nirefushe mshono, nilegeze uzi wa juu, au niweke karatasi chini? Na kwenye kingo, ninyi mnapenda upi?