Kongosho la mbwa mdogo: chakula cha tiba kikavu, cha kopo, au kupika mwenyewe?

KitoWangu

Habari za humu wadau. Naomba msaada wa mawazo kutoka kwa waliolipitia hili.

Mbwa wangu Kito ni mchanganyiko wa Yorkshire Terrier, ana miaka saba na uzito wa kilo 4. Ametoka kulazwa kwa sababu ya kuvimba kwa kongosho, kile kiungo cha tumboni kinachotoa vimeng'enya vya kusaga chakula. Alianza kwa kutapika usiku, asubuhi akakataa chakula kabisa, halafu nikamkuta ameshusha kifua hadi sakafuni na nyuma kainua, kama anayesujudu. Nikimgusa tumbo analia. Amewekewa dripu, akachomwa sindano ya kuzuia kutapika na ya maumivu, na sasa yuko nyumbani anakula kidogo kidogo.

Daktari aliyemlaza anataka nimpe chakula cha tiba chenye mafuta kidogo, tena maisha yake yote. Daktari mwingine niliyemuuliza ameniambia naweza kupika mwenyewe mradi niwe makini na mafuta. Nyumba nzima imegawanyika. Ninyi mlichagua kipi na kwa nini? Kikavu, cha kopo, au cha kupika? Na likirudi, kuna aliyewahi kumtibu mbwa nyumbani bila kumlaza?

Tausi

Pole sana mpendwa, na pole kwa Kito. Wangu ni Schnauzer mdogo, uzao ambao wengi wao huwa na mafuta mengi kwenye damu hata wakiwa hawajala, na hiyo peke yake inachangia kongosho kuvimba. Mimi nimebaki na kikavu cha tiba na sijuti. Kila punje ina kiasi kilekile cha mafuta, leo na mwezi ujao. Siku nikiumwa au nikisafiri, yeyote atakayemlisha anapima kikombe tu.

Yanayojulikana zaidi ni Hill's i/d Low Fat, Royal Canin Gastrointestinal Low Fat na Purina EN Low Fat. Usichukue tu chochote kilichoandikwa "cha kupunguza uzito" ukadhani ni kitu kilekile. Baadhi yake vimejazwa nyuzinyuzi nyingi na mafuta yake bado yako juu kuliko anavyohitaji mbwa mwenye kongosho.

Jambo moja ambalo ningependa umuulize daktari: Kito apimwe trigliseridi, yaani mafuta ya kwenye damu, baada ya kufunga kula kwa muda wa saa 12 hivi, hali yake ikiwa imetulia na kwa ruhusa ya daktari, maana hawa wadogo hawapaswi kukaa njaa kiholela. Zikiwa juu, chakula pekee huenda kisitoshe.

MzeeWaMizani

Kabla ya kuchagua, jifunzeni kusoma pakiti. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na si kosa lao, asilimia zilizoandikwa pale hazilinganishiki moja kwa moja.

Chukua kopo lenye mafuta asilimia 2 na unyevu asilimia 78. Ukiondoa maji unabaki na sehemu 22 za chakula halisi. Gawa 2 kwa 22, unapata mafuta asilimia 9 hivi. Sasa chukua mfuko wa kikavu wenye mafuta asilimia 7 na unyevu 10. Gawa 7 kwa 90, unapata chini kidogo ya asilimia 8. Kwa hiyo kopo lililoandikwa 2 lina mafuta zaidi ya mfuko ulioandikwa 7! Na kumbuka asilimia ya mafuta kwenye pakiti nyingi ni kiwango cha chini kilichoahidiwa. Mafuta halisi yanaweza kuzidi hapo.

Kipimo kizuri zaidi ni gramu za mafuta kwa kila kalori 1000. Mtengenezaji makini atakupa namba hiyo ukimuuliza. Chini ya 30 kwa kawaida huhesabiwa kuwa mafuta kidogo, na vyakula vingi vya tiba vya aina hii huwa karibu na 20.

Tuirudishe kwa Kito. Mbwa wa kilo 4 akiwa amepumzika tu anatumia kalori kama 200 kwa siku. Kwa kutembea na kucheza tuseme 300, ingawa daktari wake ndiye wa kukadiria. Kwa chakula chenye gramu 20 za mafuta kwa kalori 1000, mafuta yake ya siku nzima ni gramu 6. Kijiko kimoja kikubwa cha siagi ya karanga kina gramu 8. Wengi huficha dawa humo, na kwa kufanya hivyo tayari wamepita kiwango cha siku nzima kabla mbwa hajala chakula chake.

Ndiyo maana mimi nasema swali la kikavu au kopo ni la pili. La kwanza ni jumla ya mafuta kwa siku, kutoka kila mkono unaomlisha.

Shangwe

Mimi ni wa kupika, na nitatetea upande wangu kwa sababu naona humu tunaonekana kama tunahatarisha wanyama.

Mbwa wangu alikataa vyakula vya tiba vyote, kikavu na kopo. Akinusa anageuza shingo. Chakula bora asichokila hakimsaidii. Tukapelekwa kwa daktari wa mifugo aliyebobea kwenye lishe, akatuandikia fomula yenye vipimo vya gramu. Kidari cha kuku bila ngozi, wali mweupe ulioiva sana, mboga kidogo, na unga wa madini na vitamini aliotutajia yeye. Huo unga ndio moyo wa jambo. Kuku na wali peke yake vinafaa kwa siku chache tumbo likitulia, lakini kwa miezi vinamkosesha kalsiamu na vingine vingi. Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mwili wa mbwa huanza kuchukua kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe.

Ninavyofanya: nachemsha kidari kwa maji matupu, sitii kitunguu wala kitunguu saumu (vyote ni sumu kwao), sitii chumvi. Supu naiweka kwenye friji usiku. Asubuhi mafuta yameganda juu, utando mwembamba mweupe, hata kwenye kidari ulichodhani hakina kitu. Nauondoa wote kwa kijiko, kisha natumia ile supu iliyobaki kulainishia wali. Napima kila kitu kwenye mizani ya jikoni, sikadirii kwa macho.

Ubaya wake upo. Ni kazi, na watu wa nyumbani wakiona ni chakula cha kawaida wanaanza kuongeza. "Kipande kidogo tu." Hapo fomula imeharibika.

Mwanaidi_K

@Shangwe umesema vizuri, ila niongeze kwamba kopo lina nafasi yake ambayo hamjaitaja. Wakati wa kupona, mbwa bado ana kichefuchefu hata kama hatapiki. Utamwona analamba midomo, anameza mate, anasogelea bakuli kisha anaondoka. Kopo likipashwa kidogo linanukia na lina maji mengi, kwa hiyo wangu alianza nalo kwa milo midogo minne hadi mitano kwa siku, baadaye tukahamia kikavu cha jina hilohilo polepole, kwa muda wa kama wiki. Kichefuchefu kikiendelea usishindane naye kwa kumbembeleza na vitamu, rudi kwa daktari. Huenda dawa ya kichefuchefu inahitaji kuendelea.

Mimi nina swali pia. Kuna poda za vimeng'enya zinauzwa kwa ajili ya mmeng'enyo. Zinasaidia kongosho?

MuuguziWaMifugo

Nafanya kazi kliniki ya wanyama kama muuguzi, kwa hiyo nitajibu kwa upande ninaouona kila siku. Daktari wa Kito ndiye mwenye neno la mwisho.

Kwanza poda, @Mwanaidi_K. Katika ugonjwa huu tatizo ni kwamba vimeng'enya vinaamka mapema, vikiwa bado ndani ya kongosho, na kuanza kulimeng'enya lenyewe badala ya kusubiri hadi vifike kwenye utumbo. Poda hazitibu hali hiyo. Zinahitajika kwa mbwa ambaye kongosho lake limechakaa hadi halitoi vimeng'enya vya kutosha. Huyo anakula sana lakini anakonda, na kinyesi chake ni kingi, laini, cha kung'aa mafuta. Kuna kipimo cha damu cha kuthibitisha hilo, kinaitwa TLI. Usianze poda kwa kubahatisha.

Sasa kulaza au nyumbani. Hapa kwa kweli sina msimamo laini. Mbwa wa kilo 4 hana akiba. Akitapika mara kadhaa anaishiwa maji haraka, na asipokula sukari yake ya damu inaweza kushuka. Mbwa mwenye shambulio dogo, aliyechangamka, anayekunywa maji yakabaki tumboni, daktari anaweza kukubali aje kliniki kila siku kwa sindano na maji ya chini ya ngozi, kisha alale kwake. Faida ipo, wengine hula vizuri zaidi wakiwa kwao. Lakini akitapika hata maji, akilegea, akiwa na maumivu yasiyotulia, au ufizi ukiwa mkavu na wa kunata, huyo ni wa dripu ya mshipani na uangalizi wa usiku. Bonyeza ufizi kwa kidole, uachie. Rangi isiporudi ndani ya sekunde 2 hivi, usisubiri asubuhi.

Ushauri wa zamani wa kumfungisha mbwa kula kwa siku nyingi ili "kongosho lipumzike" umeachwa. Siku hizi kutapika kukishadhibitiwa anaanza kulishwa mapema, chakula cha mafuta kidogo, na asipokula mwenyewe anawekewa mrija mwembamba kupitia puani. Antibayotiki si za kila mgonjwa, kwa sababu kwa mbwa ugonjwa huu kwa kawaida hauanzi na bakteria. Dawa za maumivu ni za lazima hata kama mbwa amenyamaza. Wengi huvumilia kimya.

Kuna dawa mpya kiasi iitwayo fuzapladibu. Marekani iliipa kibali cha masharti Novemba 2022 kwa mbwa wenye shambulio la ghafla. Inachomwa mshipani mara moja kwa siku kwa siku 3, na kazi yake ni kuzuia chembe nyeupe za damu zisimiminike kwenye kongosho na kuzidisha uharibifu. Haichukui nafasi ya dripu wala dawa za maumivu, inaongezwa juu yake.

Na tafadhali sana: ibuprofeni, diklofenaki na paracetamol za binadamu msimpe. Mbwa aliyeishiwa maji akipewa dawa za jamii ya ibuprofeni, figo na tumbo lake viko hatarini.

BabaPili

Nimeshukuru kwa maelezo ya muuguzi. Nina nyongeza kwa KitoWangu kuhusu vipimo, kwa sababu likirudi utaulizwa.

Kile kipimo cha haraka cha hapo hapo kliniki kinatoa jibu zuri zaidi kikisema hapana. Kikisema ndiyo, bado daktari anahitaji dalili, ultrasaundi na kipimo cha maabara cha lipasi, kimeng'enya cha kongosho, kiitwacho Spec cPL. Kwa Spec cPL chini ya 200 ni kawaida, 400 kwenda juu inaelekeza kwenye kongosho, katikati ni eneo la mashaka. Mbwa wangu Pili alipimwa amilasi ya kawaida, kimeng'enya kingine, mara ya kwanza, ikaonekana haina tatizo, na kumbe ugonjwa upo. Amilasi peke yake haitegemeki kwa mbwa.

Kwa upande wa chakula sisi tunachanganya: kikavu cha tiba asubuhi na jioni, kopo la tiba mchana. Vyote viwili tumevilinganisha kwa gramu kwa kalori 1000 kama alivyoeleza Mzee. Tunaandika kwenye daftari alichokula, kama ametapika, kinyesi kikoje, na uzito wake kila Jumapili. Daktari alilipenda sana lile daftari kuliko maelezo yangu ya mdomo. Ndilo lililomwonyesha kuwa Pili ameanza kunywa maji na kukojoa kuliko kawaida, akampima sukari. Kongosho lililoharibika linaweza kuleta kisukari, kwa hiyo usipuuze kiu.

KitoWangu

Jamani, asanteni mno. Nimesoma yote na mwenzangu, tumekaa na pakiti mezani tukipiga hesabu.

Tumeamua tuanze na kopo la tiba wakati huu hamu yake bado ni ndogo, kisha tuhamie kikavu polepole. Kupika sijakufuta, ila sitakuanza bila fomula ya mtaalamu wa lishe. Hoja ya Shangwe ya unga wa madini imenikaa, maana yule daktari wa pili hakuitaja kabisa. Trigliseridi tutapima akirudi kuangaliwa.

Kinachonipa wasiwasi ni watu. Nina watoto wawili na mama mkwe anayempenda Kito kwa dhati, na upendo wake ni kumtupia vipande vya nyama chini ya meza. Mnafanyaje bila kumvunjia heshima?

Tausi

Mama usimkataze kumpa, mpe cha kumpa. Kila asubuhi mimi natoa punje kadhaa kwenye mgao wake wa siku, naziweka kwenye kikopo chenye mfuniko, na mgeni yeyote anampa kutoka humo. Mbwa anafurahi, mzee anafurahi, na mafuta ya siku hayajaongezeka hata chembe. Watoto wape kazi ya kujaza hicho kikopo. Wangu sasa ndio wanaowakumbusha wakubwa.

Shangwe

Vipande vya karoti au tango navyo vinafaa kwa kutupa chini ya meza, kata vidogo asije akakabwa. Tofaa bila mbegu pia, kidogo. Mama mkwe wangu alishika zaidi alipoongozana nasi kliniki na kuambiwa na daktari mwenyewe.

MuuguziWaMifugo

Na dawa zake zifiche kwenye tonge dogo la chakula cha lile kopo la tiba, lililobanwa kwa vidole. Likiwa la baridi kutoka friji linashikana vizuri zaidi. Kama kuna dawa anayotumia kwa ugonjwa mwingine, hasa ya kifafa kama bromidi ya potasiamu au fenobabitali, mtajie daktari kwa sababu zinahusishwa na kongosho. Ila usiisimamishe mwenyewe, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu.