Mashimo ya Mfalme Sulemani: kirudi shuleni au kiachwe?

Wadau, kuna wanaosema kitabu hiki cha Rider Haggard kirudi shuleni kwa kuwa ni hadithi ya safari tu, mtu na wenzake wanamtafuta ndugu yake aliyepotelea milimani akisaka almasi za Mfalme Sulemani. Mimi pia nataka kirudi, ila sababu hiyo siikubali. Huyo ndugu, George, anapatikana mwishoni kabisa, tena kwa bahati: amevunjika mguu, amekwama kwenye chemchemi ya jangwani, na wasafiri wanamkuta wakiwa njiani kurudi, almasi tayari zimo mifukoni.

Mwenye kisa kizito ni Umbopa. Anaingia kama mtumishi, kumbe ni Ignosi, mrithi wa ufalme wa Wakukuana, watu wa kubuni wa ng'ambo ya milima ile, aliyetoroshwa na mama yake akiwa mtoto baada ya ami yake Twala kumuua baba yake. Yeye ndiye anayerudi kwao. Akishapata kiti, anawaambia hata rafiki zake Wazungu kwamba mzungu mwingine asivuke milima kuleta bunduki na pombe. Hayo yameandikwa na Mwingereza mwaka 1885, mwaka uleule ulipofungwa Mkutano wa Berlin, ule wa mataifa ya Ulaya kuhusu kugawana Afrika!

Kinachoniuma ni Foulata, binti wa Kikukuana. Amemuuguza Good, mmoja wa wasafiri Wazungu, mpaka amepona, anampenda, kisha anachomwa kisu na Gagool, yule kizee mchawi. Anakata roho akisema ni heri afe, maana jua haliwezi kuoana na giza, wala mweupe na mweusi. Yaani binti mwenyewe ndiye amepewa maneno ya kujikataa! Mtoto wa darasa la sita huwezi kumsomea hayo ukafungua ukurasa unaofuata kama hakuna kilichotokea.

Tafsiri ya Kiswahili ya Frederick Johnson ilitoka 1929. Mwaka huohuo mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alikuwa akichimba Great Zimbabwe, magofu ya mawe ya kusini mwa Afrika, akathibitisha kuwa kuta zile ni kazi ya Waafrika. Riwaya inafuata dhana ya kinyume: barabara na masanamu ya milimani vinahesabiwa kuwa kazi ya wageni wa kale.

Kwa hiyo nasema kisomwe sekondari, mwalimu wa Kiswahili na wa Historia wakikaa pamoja. Shule ya msingi hapana. Na ninyi mnaotaka kifungiwe kabisa, nijibuni hili: tukikificha, kijana atakayekutana na dhana hiyohiyo kwenye filamu atakuwa na nini cha kuijibu?