Kumpeleka kijana Ujerumani kusoma sayansi ya kompyuta

Mama wa Barani, Malindi:

Assalaam alaikum jamaa zetu mlio ughaibuni. Kijana amemaliza KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari, hesabu ana A-, fizikia B+, na ameshikilia kuwa lazima asome sayansi ya kompyuta Ujerumani. Wakala wa Mombasa atwambia masomo ni bure, ni kwa Kiingereza, na Oktoba hii ataanza. Babake ashaanza kutafuta mnunuzi wa shamba. Mlioko huko, mambo ni hivyo? Na laptopu tumnunulie ya aina gani?

Mwana wa Langoni, Dresden:

Waalaikum salaam mamangu. Mwambie baba hati ya shamba airudishe kabatini kwanza.

"Bure" ni kweli kwa kiasi. Vyuo vikuu vya serikali katika majimbo mengi havitozi karo. Mtu hulipa mchango wa muhula tu, aghalabu kati ya euro 100 na 400. Lakini jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kilianza kuwatoza mwaka 2024. Kwa hiyo ulizeni mji kabla ya kuuliza bei.

Kwenye Kiingereza ndipo huyo wakala anapowachezea. Shahada za uzamili kwa Kiingereza ni tele. Shahada za kwanza katika vyuo vya serikali ni chache. Somo lenyewe huitwa Informatik, na kwingi hutakiwa Kijerumani cha C1 (ngazi za lugha hupanda A1, A2, B1, B2, C1, C2): cheti cha mtihani wa DSH-2, au wa TestDaF wenye 4 katika sehemu zote nne. Tena KCSE peke yake kwa kawaida haimpeleki mtu moja kwa moja chuoni. Hupitia kwanza Studienkolleg, yaani masomo ya maandalizi ya chuo, mihula miwili, kozi ya T ya wanaokwenda ufundi na sayansi: Kijerumani, hesabu na masomo ya sayansi. Kuingia hapo nako kuna mtihani wa Kijerumani na hesabu, na wengi huuliza B1 au B2. Kama kijana hajaanza Kijerumani, Oktoba hii isahauni. Kutoka sifuri hadi B2 ni karibu mwaka wa kusoma kila siku, si Jumamosi kwa Jumamosi.

Maombi ya vyuo vingi hupita uni-assist, ofisi inayokagua vyeti vya wageni kwa niaba ya vyuo: euro 75 kwa ombi la kwanza, 30 kwa kila jingine la muhula huo huo. Mwisho wa kuomba muhula wa baridi, ule wa Oktoba, mara nyingi ni 15 Julai, na baadhi ya Studienkolleg hufunga mapema zaidi. Faili lililopungukiwa na karatasi moja hurudishiwa maswali, na jibu likifika baada ya tarehe hiyo, mwaka umekwenda. Tumeni wiki sita kabla.

Pesa za viza huwekwa katika akaunti ya kuzuiwa, Sperrkonto: euro 11,904 kwa mwaka, na mwanafunzi hutoa 992 kila mwezi. Hapa pana mambo mawili. Benki hukata ada njiani, kwa hiyo tumeni ziada kidogo. Kiasi kikifika pungufu, hata kwa euro 10, barua ya uthibitisho haitoki mpaka mjazilize. La pili ndilo kubwa: akaunti hufunguliwa kwa jina la mwanafunzi mwenyewe. Wakala akisema pesa zipite kwake, mwacheni hapo hapo.

Binti Mkomani, Bremen:

Shangazi, hayo ya kaka ni sawa. Niongeze yale ambayo watu huyajua wakiwa wamechelewa, kwa sababu kuingia si kazi kama kubaki.

Shahada ya kwanza ni mihula 6, pointi 180 za masomo, yaani 30 kwa muhula. Kila pointi huhesabiwa saa 30 za kazi. Muhula mmoja basi ni saa 900, na kumaliza mihadhara si hata nusu yake. Saa nyingi huliwa na karatasi ya mazoezi ya kila wiki. Hutoka siku maalumu, hurudishwa wiki inayofuata, na katika masomo mengi usipofikisha nusu ya alama za karatasi zote huruhusiwi kufanya mtihani kabisa. Mwanafunzi aliyezoea kulala muhula mzima na kukesha wiki ya mwisho, kama wengi wetu tulivyolelewa na KCSE, hushtuka Januari kuwa mlango umefungwa.

Pili, kujiandikisha katika somo na kujiandikisha katika mtihani wa somo hilo ni vitu viwili tofauti. Mtihani una dirisha lake kwenye tovuti ya chuo, na likifungwa hakuna wa kumbembeleza. Akishajiandikisha na asitokee, huandikiwa 5.0, ambayo ni kufeli. Akiugua, aende kwa daktari siku hiyo hiyo na karatasi aiwasilishe kwa ofisi ya mitihani haraka.

Tatu: vyuo vingi hutoa nafasi tatu kwa somo la lazima. Ukifeli ya tatu unatolewa katika shahada hiyo, na chuo kingine cha Ujerumani hakikupokei kwa shahada ile ile. Kibali cha kuishi nacho kimefungwa kwenye masomo. Wanaokwama hapa wengi hawakwami kwa programu, hukwama kwa hesabu. Mwambie asome kanuni za mitihani za kitivo chake wiki ya kwanza, hata kama Kijerumani chake cha sheria kitamtoa jasho.

Mama wa Barani, Malindi:

Ahsanteni sana wanangu. Yeye huku yuashinda na video za Python, hiyo lugha ya programu, na kusema yuko tayari. Hesabu si ana A-?

Binti Mkomani, Bremen:

A- ni nzuri, shangazi, lakini hesabu ya KCSE humpa mtu swali na kumtaka jibu. Ya huku humpa jibu na kumtaka athibitishe kuwa ni kweli daima. Mfano: jumla ya 1 hadi n ni n(n+1)/2. Shuleni angeweka n = 100, apate 5,050, apigiwe tiki. Huku ataonyesha kuwa inasimama kwa n = 1, kisha kwamba ikisimama kwa n yoyote basi lazima isimame kwa n + 1. Hii huitwa indaksheni, nayo haimo katika silabasi ya KCSE, wala namba changamano. Matriki ameziona, lakini hasa za 2 kwa 2.

Python aendelee nayo, si haramu. Ila saa mbili kwa siku za uthibitisho, seti na mantiki zitamfaa kuliko video 50.

Mwana wa Langoni, Dresden:

Hapo napinga kidogo. Programu nayo ina mitego, na vyuo vingi huanza na Java au C, ambako Python haikukuonya. Aandike programu ya faktoria (n! ni kuzidisha namba zote kuanzia 1 hadi n) kwa Java akitumia int, aina ya namba nzima yenye kikomo. 12! itatoka 479,001,600, sawasawa. 13! itatoka 1,932,053,504, na hakuna kosa litakaloonyeshwa. Jibu la kweli ni 6,227,020,800, lakini int huishia 2,147,483,647, basi kilichozidi hufurika na kubaki mabaki. Python hubeba namba ya ukubwa wowote, ndiyo maana mtu wa Python halijui tatizo hili. Akielewa kwa nini mabaki ni hayo hayo, ameshaielewa nusu ya somo la namba za kompyuta.

Na kunakili kwa rafiki asithubutu. Kuna programu ya JPlag, iliyozaliwa Karlsruhe, huku huku Ujerumani, inayolinganisha umbo la msimbo. Kubadilisha majina ya vigeu hakuifichi kitu.

Mtu wa Shela, Aachen:

Nimjibu mama la laptopu, maana wamelisahau. RAM GB 16, SSD GB 512, inchi 14 ili isimuue mgongo. Kadi ya michezo haihitajiki. Iliyotumika lakini nzima yatosha, bora betri ipimwe na mfumo wa Linux uingie bila ubishi.

Inunuliwe Kenya, kwa sababu ya kibodi. Kibodi ya Kijerumani imebadilishana Y na Z, na mabano yetu ya kila siku yamejificha: { ni AltGr (kitufe cha kulia kwa kitufe cha nafasi) na 7, } ni AltGr na 0, [ ni AltGr na 8, ] ni AltGr na 9. Kuandika Java hivyo siku nzima ni adhabu ya vidole. Lakini mitihani mingine hufanywa kwenye kompyuta za chuo zenye kibodi hiyo, kwa hiyo mwezi mmoja kabla afanyie mazoezi katika maabara. Waya wa chaji wa plagi yetu ya miguu mitatu hauingii ukutani huku. Anunue waya mpya hapa, ni bei ndogo kuliko kubeba adapta.

Jambo la mwisho. Mitihani huangukia Februari na Machi, na 2027 Ramadhani yatarajiwa kuanza karibu 8 Februari. Mchana wa Februari huku ni mfupi kuliko wa Lamu, saumu yenyewe si nzito. Kizito ni kukosa usingizi kati ya tarawehe na daku. Kama ana uchaguzi, achague mtihani wa asubuhi.

Mama wa Barani, Malindi:

Nimepiga chapa yote nimempa. Kwa hiyo kwanza ni darasa la Kijerumani, si tiketi?

Mwana wa Langoni, Dresden:

Ndiyo, mamangu. Na nakala za vyeti vya KCSE zithibitishwe sasa, mkae nazo tano au sita. Wakala mwambieni awaandikie jina la chuo na jina la shahada, mtuletee hapa tuliangalie kwenye orodha ya DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya wanafunzi.