Zero ya 1/72: niitie alama za manowari ipi? Na stika zimeingia unjano

Mwana wa Langoni
Asalaam aleikum wajuzi. Mjomba ameniletea kutoka Mombasa boksi la ndege ya kuunga, Zero A6M2 modeli 21, ndege ya kivita ya Wajapani, kipimo cha 1/72. Fremu zenye vipande zimetimia, kioo cha rubani hakina mkwaruzo. Lakini boksi lilikaa kabatini miaka mingi, na stika za maji zimegeuka njano.

Alama zilizomo ni za manowari tatu za kubebea ndege. Moja ina mstari mmoja mwekundu mbele ya mkia, ya pili miwili myekundu, ya tatu miwili ya buluu. Marehemu babu alikuwa kuli Kilindini wakati wa vita, na alikuwa akituhadithia jinsi manowari za Waingereza zilivyojaa bandarini mwaka 1942. Nataka Zero iliyohusika na habari ile, si yoyote tu. Ni ipi kati ya hizi?

Pia rangi: picha ya boksi inaionyesha karibu nyeupe, kwengine naiona kijivu. Nishike lipi?

Ami wa Mkomani
Wa aleikum salaam mwanangu, na Mungu amrehemu babu yako. Habari aliyokuhadithia ina tarehe zake. Aprili 5, 1942, ndege za Admirali Nagumo wa Japani ziliipiga Colombo, kule Ceylon (sasa Sri Lanka), na Zero zikapambana na Hurricane za Waingereza juu ya mji. Aprili 9 ikawa zamu ya Trincomalee, na siku hiyohiyo Hermes, manowari ya Waingereza ya kubebea ndege, ikazamishwa. Admirali Somerville hakuwa na nguvu ya kuzikabili ndege zile. Manowari zake kubwa kongwe, za mwendo wa pole, akazielekeza Kilindini, na Kilindini ikawa kituo kikuu cha kundi lake. Hizo ndizo alizoziona babu yako.

Sasa tazama mistari. Mmoja mwekundu ni Akagi. Miwili ya buluu ni Hiryu. Zote mbili zilikuwako Ceylon, pamoja na Soryu, Shokaku na Zuikaku. Miwili myekundu ni Kaga, na Kaga haikuwako: ilikuwa imegonga mwamba huko Palau mwezi wa Februari, ikarudi Japani kutengenezwa. Kwa hiyo Kaga iweke kando kabisa. Mimi ningeshika Hiryu, maana buluu ile juu ya kijivu inapendeza mno. Namba ya mkiani lazima ianze na BII. Ukichagua Akagi, ianze na AI.

Rangi ni kijivu, wala si cheupe. Tena si kijivu cha saruji: kina uzeituni kidogo ndani yake, na kilikuwa na mng'ao. Mimi huchanganya kijivu cha kawaida na tone la kahawia na tone la kijani, nikakijaribu kwanza juu ya kipande cha fremu, nikakitazama nje uani, si chini ya taa. Kifuniko cha injini watu hukipaka weusi mtupu. Tia buluu kidogo, utaona kinavyopata uhai. Usukani wa mkia na vibawa vya kugeuzia vilikuwa vya kitambaa, kwa hiyo vipambanue kwa kijivu kilichofifia kidogo. Na tafadhali usiichubue rangi ndege nzima ili ionekane imepigana. Ndege za manowari mwezi ule zilikuwa zikitunzwa vizuri.

Jambo jengine: ncha za mbawa za modeli 21 zilikuwa zikikunjwa, kama nusu mita kila upande, zipate kuingia kwenye lifti ya manowari. Mstari wa kukunjia usiuzibe kwa rangi nzito.

Dada wa Malindi
Kaka, stika usizitupe. Tia karatasi yake ndani ya mfuko mwangavu usiopitisha maji, ibandike kwa ndani ya kioo cha dirisha linalopata jua, uso wa stika ukitazama nje. Unjano utapungua siku hadi siku. Ikisha ipulizie vanishi isiyo na rangi, kwa sababu stika kongwe hukatika vipande ikigusa maji. Jaribu kwanza kwa alama za Kaga, maadamu Ami ameshazikataa.

Kioo cha rubani kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Supa gluu hutoa mvuke, na kioo kitapiga ukungu usiotoka.

Mwana wa Langoni
Shukran sana, nimeamua Hiryu. Mvua za masika ndizo hizi, na kopo la kupuliza naliogopa: kila nikipuliza vanishi inapiga weupe.

Ami wa Mkomani
Huo ni unyevu. Tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, inapokauka huupoza uso wa plastiki, maji ya hewani yakagandama juu yake. Puliza saa za mchana jua likitoka, chumbani, mbali na upepo wa pwani, tena kwa tabaka nyepesi. Kama mvua haikatiki, tumia brashi laini na rangi iliyozimuliwa, tabaka la pili baada ya la kwanza kukauka barabara. Vanishi ya mwisho ingoje Agosti. Chumba cha rubani waweza kukianza hata leo: ni cha kijani, na kinapakwa kwa mkono.

Mwana wa Langoni
Naam Ami. Leo usiku nakata kiti na dashibodi.