Miaka nenda miaka rudi mtoto anachoreshwa kibodi, halafu mnaniambia anasoma kompyuta

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimeshika daftari la kompyuta la mwanangu wa darasa la nne na damu inanichemka.

Ukurasa wa kwanza kachora kibodi kwa penseli za rangi, herufi zote zimekaa mahali pake, mwalimu kaandika "Vizuri sana". Ukurasa wa pili kipanya. Wa tatu skrini. Nikaendelea kufunua nikidhani mbele huko nitakuta kitu. Nikakuta jaribio. Swali la kwanza: Kompyuta ni nini? Mtoto kajibu, "Ni mashine inayofanya kazi kwa kufuata maagizo." Kapigwa kosa kwa kalamu nyekundu, tena limekandamizwa hadi karatasi imetoboka. Pembeni kaandikiwa jibu "sahihi": kifaa cha kielektroniki kinachopokea data, kuichakata, kuihifadhi na kutoa taarifa. Swali la tatu: Taja mifano miwili ya kompyuta. Mfano mmoja kataja simu. Kosa tena.

Sasa nisikilizeni. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, ndiyo inayonilisha. Niamsheni usiku wa manane mniulize kompyuta ni nini, nitawajibu kama alivyojibu huyo mtoto. Na simu NI kompyuta: ina prosesa (CPU, sehemu inayotekeleza maagizo), ina kumbukumbu, inaendesha programu. Anayebisha aje na hoja. Mtoto kawaza mwenyewe, kapatia, halafu kanyimwa alama kwa sababu hakukariri sentensi ya kitabu. Unategemea jaribio lijalo atawaza tena? Thubutu! Atakariri kama wenzake.

Mtasema labda shule haina mashine. Maabara ipo, tena ndiyo wanayotutembezea wazazi siku ya kuandikisha watoto. Mashine zimefunikwa vitambaa, ufunguo anao mtu mmoja, na mtu huyo akipata dharura kipindi kinahamia ubaoni. Siku wakibahatika kuingia wanavua viatu mlangoni, wanakaa watatu watatu. Mjanja wao anashika kipanya tangu mwanzo hadi kengele, wawili wanatazama. Na kinachofanyika humo ni kuandika jina, kulikoza, kulipigia mstari, kulibadilisha rangi. Mwaka unaofuata wanalibadilisha rangi tena. Sikatai, kuandika barua kwa kompyuta ni ujuzi na ofisini una kazi yake. Lakini sayansi ya kompyuta ni kuligawa tatizo vipande vipande, kupanga hatua, kuzijaribu, kuona zilipoharibika na kuzirekebisha. Hilo kwenye daftari lote halimo hata mstari mmoja.

Nilipouliza nikajibiwa kwa upole kabisa: "Mzazi, hawa bado wadogo, tunaanza na misingi." Misingi ipi? Kupaka rangi kibodi?

England waliugua ugonjwa huu huu. Watoto walifundishwa programu za ofisini mpaka wakalichoka somo. Januari 2012 ripoti ya Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, ikasema bila kumung'unya kwamba hali katika shule nyingi hairidhishi, na kuanzia Septemba 2014 mtaala ukabadilika. Huko mtoto wa miaka mitano hadi saba anatakiwa aelewe algoriti, yaani hatua zilizopangwa za kutatua tatizo, ni nini, atunge programu ndogo na aweze kusaka makosa yake. Miaka mitano, wakuu! Wa kwangu yuko darasa la nne anaambiwa bado mdogo.

Wala si jambo la juzi. Logo, lugha ya programu iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, ni ya mwaka 1967, kazi ya Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wally Feurzeig. Mtoto anamwamuru kasa wa kwenye skrini, anayechora mstari anapopita: mbele hatua 100, kulia nyuzi 90, rudia mara nne. Huo ni mraba. Mwambie sasa achore umbo la pande sita. Atajaribu 90, kasa atazunguka palepale kwenye mraba. Atajaribu 45, umbo litabaki wazi. Akifika 60 linafunga. Muulize amezungusha nyuzi ngapi kwa jumla, kisha afanye hesabu hiyo hiyo kwenye mraba. Zote 360! Hapo kapata jometri, kapata kurudia agizo, kapata kusahihisha kosa lake mwenyewe, vyote kwa mpigo, na hakuna sentensi aliyokaririshwa.

"Hatuna vifaa vya kutosha" ndiyo wimbo wa taifa wa somo hili. Haya, tuchukulie vifaa havipo kabisa, hata umeme haupo. Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, pamoja na wenzake, tangu miaka ya 1990 wanatoa bure mazoezi ya kufundisha sayansi ya kompyuta bila kompyuta. Chukua kadi tano. Chora nukta 16 kwenye moja, zinazofuata 8, 4, 2 na 1. Simamisha watoto watano mbele ya darasa wakiwa wamezishika kwa mpangilio huo. Sheria ni moja tu: kadi unaionyesha au unaificha. Sema, "Nipeni 19." Utasikia kelele! Wa 16 atainua, wa 8 naye atainua, darasa litampigia makelele ashushe maana tayari ni 24. Mwisho watabaki wa 16, wa 2 na wa 1. Anayeonyesha muandikie moja, anayeficha sifuri, ubaoni unapata 10011. Waulize namba kubwa kuliko zote wanayoweza kutoa, watajumlisha wakupe 31. Waulize kadi ya sita iwe na nukta ngapi, na yule anayesinzia nyuma atakwambia 32. Kipindi kimoja tu, na darasa zima limeona kwa macho jinsi mashine inayojua kuwaka na kuzima inavyoweza kubeba namba.

Au cheza nao mchezo wa kukisia namba. Nina namba kati ya 1 na 100, niulize "ni zaidi ya fulani?" Mtoto anayekisia hovyo atahangaika kutwa. Anayekata katikati kila mara anaipata kwa maswali yasiyozidi saba. Ongeza iwe 1 hadi 1000, maswali hayazidi kumi. Waache wabishane kwa nini namba zimeongezeka mara kumi lakini maswali yameongezeka matatu tu. Gharama ya vifaa hapo ni midomo yao.

Kwa hiyo msinilaghai na habari ya vifaa.

Na wenye vifaa nao wasitambe. Kuna shule kila mtoto ana tableti, na wazazi wanadhani kazi imekwisha. Peru waligawa mamia kwa maelfu ya kompyuta ndogo kwa watoto, na utafiti uliotolewa mwaka 2012 haukuona mabadiliko yoyote kwenye alama za hisabati wala lugha. Upimaji wa kimataifa wa ICILS wa mwaka 2018 uliwapima wanafunzi wa darasa la nane wa nchi kadhaa jinsi wanavyotafuta, kuchambua na kutengeneza taarifa kwa kompyuta. Waliofika ngazi ya juu kabisa ni asilimia 2. Mbili! Hao ndio tunaoambiwa wamezaliwa na teknolojia mkononi.

Hapa nawageukia wazazi wenzangu mnaojisifu, "mwanangu ananizidi kwa simu." Anakuzidi kuteleza kidole. Muulize picha aliyoifuta imekwenda wapi. Muulize kwa nini mchezo wa magari unaomba ruhusa ya kusoma namba za watu kwenye simu yako, na yeye kabonyeza "Kubali". Muulize rafiki zake wangapi wanajua neno lake la siri. Mpe habari mbili zinazopingana mtandaoni umwone atakavyochagua: ya juu kabisa kwenye orodha, basi. Siku hizi hata hiyo kazi haifanyi, anaiuliza akili mnemba, inamjibu kwa kujiamini hata inapokosea, naye ananakili pamoja na makosa yake. Haya ndiyo mtoto wa umri huo alipaswa kuyakuta shuleni kila wiki. Badala yake anaulizwa kirefu cha CPU.

Kuna na hawa wa kozi za likizo, "mtoto wako atatengeneza programu yake ndani ya wiki mbili". Niliwahi kumkuta mtoto wa jirani na cheti chake safi kabisa. Tukafungua Scratch, programu ya watoto ya kutunga programu kwa kupanga vipande vya maagizo, ambayo ni ya bure na inafanya kazi hata bila intaneti. Paka anatembea kutoka kushoto hadi kulia, vizuri. Nikamwambia mfanye akifika ukingoni ageuke arudi. Akabaki ananitazama. Kumbe alipanga vipande kwa kufuatisha alichoonyeshwa ukutani, hajui hata kimoja kinafanya nini. Nilimwonea huruma mtoto, ila mwenye kozi nikimpata tutaelewana.

Najua watakuja walimu hapa kujitetea, na sehemu kubwa ya lawama siwapi. Mwalimu kaajiriwa kufundisha somo jingine kabisa, kaonekana na kompyuta yake begani, kaambiwa, "Wewe si unazijua hizi, chukua vipindi vya kompyuta." Hajapewa mafunzo, hajapewa muda, kapewa kitabu chenye orodha ya maana za maneno. Na mtihani unauliza maana za maneno. Akiwafundisha kufikiri, wanafeli, anaitwa kujieleza. Hata mimi ningewakaririsha.

Ila yule aliyemkata mwanangu alama kwa kusema simu ni kompyuta, hapana, huyo simtetei.

Mwenye mtoto kwenye darasa la chini, fungua daftari lake la kompyuta leo, piga picha swali la ajabu kuliko yote utakalolikuta, ulilete hapa. Jina la shule na la mtoto lifute. Na nyie walimu wa somo hili mliomo humu, msininunie, nijibuni kitu kimoja: mitihani hii mnaitunga wenyewe au mnaletewa? Kama mnaletewa, nipeni anayeileta ni nani, maana barua nimeshaiandika, bado kuweka jina la mpokeaji.