Sabufa ya Hamisi inakata fyuzi

Kikundi: Wajukuu wa Bibi Zena

Hamisi: Shikamooni wakubwa. Sabufa imenigomea tena. Naweka fyuzi mpya, nikiwasha tu, pap!

Shangazi Mwajuma: Marahaba. Afadhali, leo tutalala.

Shafii: Si uzungushie karatasi ya sigara 😂

Mjomba Seif: Shafii usimponze mwenzio. Hiyo fyuzi inakufa ili trafo, ile inayopunguza volti za umeme wa ukutani, ipone. Weka karatasi ya sigara uone kama hamtazima moto. Hamisi, inakata ukiwasha tu au mpaka besi ipande?

Hamisi: Nikiwasha tu, hata sauti ikiwa sifuri.

Mjomba Seif: Basi spika tuiache. Nyuma kuna kiswichi cha 115 na 230?

Hamisi: Kipo, kiko 230.

Mjomba Seif: Sawa. Kingekuwa 115 kwa umeme wetu tungekuwa tumemaliza kazi. Kioo cha fyuzi iliyokufa kikoje?

Hamisi: 📷 Cheusi tii, waya hata hauonekani.

Mjomba Seif: Shoti hiyo. Fyuzi iliyozidiwa kidogo hukatika katikati, kioo kikabaki safi. Imeandikwaje pale kwenye chuma?

Hamisi: F2.5A 250V. Ya mwanzo ilikuwa T2.5A. Muuzaji kasema ni ileile.

Mjomba Seif: Siyo ileile hata kidogo. Ukiwasha, trafo na kapasita, zile zinazotunza chaji, vinavuta umeme mwingi kwa mkupuo. T inavumilia, F haina subira. Nunua T ya ampea zilezile. Ila kwa weusi huo hata T itakufa, kwa hiyo ukishaiweka usiwashe moja kwa moja.

Mama Nuru: Samahani kuwakatiza, mchango wa kitchen party mwisho Ijumaa 🙏

Mjomba Seif: Tafuta balbu ya wati 100, ile ya zamani ya waya, siyo LED. Iungwe siriz na waya wa umeme wa sabufa, yaani umeme upitie kwenye balbu ndipo ufike kwenye sabufa. Ikiwaka kidogo ikafifia, hakuna shoti. Ikikaza kuwaka, shoti ipo.

Shangazi Mwajuma: Hamisi usishike nyaya wewe! Muite fundi.

Hamisi: Fundi redio wa hapa mtaani ninaye, shangazi. Mimi namshikia tochi tu.

Hamisi: Mjomba, balbu imewaka mpaka tumefumba macho.

Mjomba Seif: Achomoe ukutani. Kapasita kubwa zinabaki na chaji, aimalize kwa rezista, ile inayobana umeme upite polepole, asigusishe bisibisi. Kisha atenge nyaya zinazopeleka umeme kwenye ampli, ile sehemu inayokuza sauti, ajaribu tena na balbu.

Hamisi: Bado inawaka vilevile.

Mjomba Seif: Ampli tuisamehe kwa sasa. Ang'oe rektifaya, ile yenye daiodi zinazoruhusu umeme upite upande mmoja tu, aipime na mita ikiwa kwenye alama ya daiodi. Daiodi nzima inasoma upande mmoja tu.

Hamisi: Kuna miguu miwili, mita inalia pande zote mbili.

Mjomba Seif: Mchawi huyo hapo 😀 Aweke nyingine, ampea na volti zisipungue. Kuzidi ruksa, lakini kwa rektifaya tu. Fyuzi haizidishwi. Awashe kupitia balbu kwanza, ampli ikiwa bado imetengwa, halafu airudishie.

Hamisi: Balbu imewaka ikafifia, mara zote mbili! Tumetoa balbu, T imekaa. Inaita mjomba 🔊

Shafii: Leta mdundo!

Mjomba Seif: Iite nusu saa sauti ya chini. Mzime, mchomoe ukutani, fundi aguse trafo. Ikiwa ya moto mpaka mkono haukai, msiiwashe tena, unipigie.

Hamisi: Sawa mjomba.