Mbegu ni nyingi, lakini je, zina uwezo?

Mkazi wa Nakuru
Ndugu zangu, huu ni mwaka wa nne wa ndoa yetu na bado hatujajaliwa mtoto. Mke wangu amepimwa mara tatu, mimi mara moja tu. Karatasi yangu inaonyesha mbegu milioni 48 kwa mililita, nusu yake zikitembea, nami nikaambiwa niko sawa. Je, kuna kipimo cha kuonyesha kama mbegu hizo zina uwezo wa kutungisha mimba?

Mtaalamu wa maabara, Kisumu
Pole, kaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja kiwango cha chini cha milioni 16 kwa mililita na asilimia 42 zinazotembea, kwa hiyo umevuka. Hata hivyo, kuhesabu hakutuambii kama mbegu itapenya ganda la yai, wala kama vinasaba vilivyomo kichwani mwake ni vizima. Kipo kipimo cha kukatika kwa vinasaba, ambacho huwafaa zaidi wenye mishipa iliyovimba kwenye korodani na wale ambao mimba za wake zao zimeharibika mara kwa mara. Kipo pia cha maji yenye chumvi kidogo, ambamo mbegu hai huvimba mkia ukajikunja kama ndoana, na iliyokufa ikabaki imenyooka. Hicho tunakitumia pale mbegu zisipotembea kabisa, kwa hiyo wewe hukihitaji. Kabla ya kulipia vipimo vya gharama, rudia kwanza kile cha awali, ukiwa umekaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii.

Mama wa Kakamega
Shemeji, mume wangu alipimwa wiki chache baada ya malaria kali, na hakuna aliyemuuliza kuhusu homa. Mbegu zilikuwa chache mno. Tulipoelezwa kwamba hutengenezwa kwa takriban miezi miwili na nusu, tulingoja miezi 3. Safari ya pili alibeba kichupa kwapani, ndani ya shati, akafika kabla ya saa moja kwisha, na idadi ilikuwa imepanda. Tafadhali uwaambie wazee kwamba nawe unapimwa, kwa maana lawama zote humwangukia mwanamke.

Mkazi wa Nakuru
Nitawaambia, mama. Mimi nilipewa karatasi dirishani bila kuchunguzwa mwili. Mishipa hiyo huchunguzwa na nani?

Mtaalamu wa maabara, Kisumu
Ni daktari wa mfumo wa mkojo na uzazi wa kiume. Atakupapasa ukiwa umesimama, kwa sababu ukilala mishipa hiyo hunywea na inaweza kumponyoka.